Usukani wa Bafuni

Jumamosi asubuhi Migdalia alimaliza kuoga, akanyoosha mkono kuchukua taulo, akapapasa ukuta mtupu. Mahali pa kuanikia taulo palikuwa pamebaki matundu ya skrubu tu, na vumbi la chokaa sakafuni. Taulo lenyewe lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya ndoo, na hapo akajua kwamba mwizi ni mume wake, kwa sababu mwizi wa kweli angeondoka nalo.

Evelio alikuwa uani, amekaa juu ya kreti la bia mbele ya pikipiki, akilisugua bomba la kuanikia taulo kwa majivu na ndimu. Bomba hilo lilikuwa usukani. Lilikuja na ile pikipiki ya Jawa kutoka ilikoundwa, nayo ilipofika mjini kwao Palma Soriano ikiwa mpya ndilo alilolishika. Baadaye ikaingia mitindo ya usukani mpana uliopinda kama pembe za ng'ombe, Evelio akataka kwenda na wakati, akaung'oa wa zamani autupe. Migdalia ndiye aliyesema usitupwe, bafuni hakuna pa kuanika. Ukakaa bafuni miaka na miaka, umebeba taulo, soksi, na nepi za mtoto wao Yamila, mpaka Yamila mwenyewe akaolewa akaenda zake Holguín.

“Sasa taulo nianike wapi?” Migdalia aliuliza.

“Hebu njoo uone, mke wangu! Huu ndio wenyewe. Miaka yote hii umekuwa ukianika taulo juu ya ujana wangu.”

“Ujana wako ulikuwa unashika kutu. Mimi ndiye niliyekuwa naufuta.”

Evelio alicheka, akaendelea kusugua. Alikuwa na miaka sitini na tisa, magoti mabovu, presha, na meno ya bandia juu na chini, na alikuwa ameamua kuirudisha pikipiki iwe kama siku ile ya kwanza. Kazi haikuwa ndogo. Kwa miaka mingi ile Jawa ilikuwa imekula kila kitu kilichokosa mwenyewe pale mtaani. Madigadi ya nyuma ilikuwa ubavu wa mashine ya kufulia. Ekzosi ilikuwa mguu wa kitanda cha hospitali. Pistoni ilimiminwa kutokana na sufuria zilizoyeyushwa, na sufuria mojawapo Migdalia alikuwa bado anaiulizia. Kiti kilitoka kwenye jumba la sinema lililofungwa, na aliyekikalia muda mrefu aliwasikia watu nyuma yake wakitafuna karanga. Vyote hivyo Evelio alikuwa anavibadilisha kimoja kimoja, kwa sababu mwisho wa mwezi wenye pikipiki wote wa Palma, na wengine kutoka Santiago, wangekutana kwenye bustani ya mji, watu wachague kwa kunyoosha mikono pikipiki iliyotengenezwa vizuri kuliko zote, na mshindi apewe keki.

Jioni wenzake walipokuja kucheza dhumna, hakuna aliyefunga mchezo bila kwanza kusikia habari za Baracoa.

“Unakumbuka, Bienvenido?” Evelio alimwambia jirani yake, mtu mnene aliyekuwa hachezi bila kuvua viatu. “Ile njia ya milimani, unakata kona, mara bahari hii hapa chini yako! Moyo unataka kutoka. Migdalia, si ulikuwepo? Waambie.”

“Nilikuwepo,” Migdalia alisema kutoka jikoni.

Alikuwepo kweli. Alikuwepo Baracoa, alikuwepo Manzanillo, alikuwepo safari zote zile, amekaa nyuma, mikono kiunoni mwa Evelio, na alichokiona ni shati. Baracoa lilikuwa shati la mistari ya kijani. Manzanillo lilikuwa shati jeupe lenye duara la jasho lililokua kadiri walivyokwenda. Walipopita juu ya bahari alisikia harufu ya chumvi, akainua shingo ili aione, pikipiki ikayumba, Evelio akamwambia atulie asije akawaua. Wazee wa dhumna walipougua kwa kumbukumbu za barabara, Migdalia alikumbuka mshono wa begani uliokuwa umeanza kufumuka.

Na hapo pana jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelisema, kwa kuwa halikuwa siri. Pikipiki ilikuwa ya Migdalia.

Alikuwa anashona magunia ya kahawa kiwandani, na katika kushona magunia hakuna aliyemfikia. Enzi hizo kitu kama pikipiki hukuingia dukani ukakinunua. Kililetwa kazini, wafanyakazi wakakaa mkutanoni, wakatazamana, wakapiga kura kwa mikono nani anastahili. Mwaka ule zililetwa friji na pikipiki. Friji alipata mhasibu. Ilipofika zamu ya pikipiki likatajwa jina la Migdalia, na mikono ikapanda yote, hata ya wale waliokuwa wanamsengenya. Alikwenda mbele kwa furaha. Mwenyekiti wa mkutano akampongeza, akampa maua. Kisha akamwona mume wa mshindi amesimama mlangoni, amemletea mkewe mwavuli kwa kuwa nje mvua ilikuwa inanyesha, akauliza mkutano kama unaafiki ufunguo akabidhiwe yeye, maana mwanamke na pikipiki wapi na wapi. Mikono ikapanda tena. Na Migdalia, akiwa bado ananusa maua yake, aliona mikono imepanda, naye akanyoosha wake. Ndivyo watu walivyokuwa wamezoea kwenye mikutano ile: mikono ikipanda unapandisha, swali lilikuwa nini utauliza baadaye. Ikapita kwa kauli moja, na kura yake imo humo humo.

“Si ni yako?” Evelio alimwambia siku hiyo wakirudi nyumbani, na alimwambia hivyo kila alipouliza tangu hapo. “Nani kasema si yako? Mimi nakuendeshea tu.”

Basi usukani wa bafuni ukafungwa mahali pake. Evelio alipanda, akaushika kwa mikono miwili, akakanyaga kiki. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ikawaka, na Evelio akawa na miaka ishirini na mitano.

Nywele zilirudi zote, nyeusi, pamoja na lile wimbi la mbele. Tumbo likaingia ndani, shati likabaki linamning'inia. Meno yake mwenyewe yalichomoza kwenye fizi na kuyasukuma yale ya bandia, yakaruka, ya juu na ya chini, yakaangukia kwenye chombo cha chakula cha kuku. Migdalia alikwenda kuyaokota kabla jogoo hajayafikia.

“Unanionaje?” Evelio aliuliza.

“Nakuona unachoma petroli bure. Zima, maharage yako tayari.”

Alizima, akawa na sitini na tisa, akanyoosha kiganja apewe meno yake.

Mtaa ulizoea upesi. Bienvenido alimwambia nywele zimemkaa vizuri, asizikate. Daktari wa mtaa, dada mmoja mpole aitwaye Yudelkis, alikuja kumpima presha, akampima akiwa juu ya pikipiki na akiwa ameshuka, akamwagiza dawa ameze akiwa ameshuka tu. Polisi wa njia ya Santiago alimsimamisha, akaitazama leseni, akasema huyu ndiye dereva wa kwanza mwaka huu anayefanana na picha yake. Evelio akaanza kula chakula cha mchana juu ya pikipiki, injini ikiwaka, kwa kuwa na meno yale aliweza kutafuna ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Migdalia alimletea sahani, kisha akasimama pembeni na kisosi, maana kila kuwasha kulitaka mtu wa kudaka meno.

Jinsi mambo yalivyo ilikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyeshika usukani ule huku injini inawaka alirudia umri aliokuwa nao pikipiki ilipokuja. Aliyekaa kwenye kigari cha pembeni, ambacho Evelio alikifunga Yamila alipozaliwa, alibaki na umri wake wa kila siku.

Walipotoka pamoja mara ya kwanza, Migdalia aliketi kigarini na meno yakiwa kwenye leso mapajani. Nje ya mji walisimama kwa muuza juisi ya miwa, msichana aliyejipaka rangi ya zambarau kwenye kucha. Evelio aliacha injini ikiwaka. Msichana alimtazama nywele, akamtazama mikono, akasogeza glasi karibu kuliko ilivyohitajika.

“Na nyanya yako naye anakunywa?” aliuliza.

“Anakunywa,” Evelio alisema. “Lakini usimtilie barafu, koo lake halitaki baridi.”

“Jamani! Kijana anayemjali bibi yake hivi, siku hizi utampata wapi?”

Migdalia alingoja Evelio aseme. Aliinywa ile juisi polepole makusudi, ili kumpa nafasi. Evelio alimaliza glasi yake, akafuta mdomo, akatia gia.

“Umemwacha aniite nyanya yako,” Migdalia alisema walipofika nyumbani, Evelio akiwa keshakuwa mzee tena na anahangaika na meno ya chini.

“Sasa ningemwambia nini? Kwamba wewe ni mke wangu? Angetucheka.”

“Angekucheka wewe.”

“Si ndiyo hivyo nasema!”

“Imeniuma, Evelio.”

Evelio hakuwa mtu mbaya. Aliposikia imemuuma alihangaika sana, akala nusu sahani. Kesho yake akatangaza kwamba kosa ni la kigari, hakina kitu chochote cha asili ndani yake, ndiyo maana hakifanyi kazi. Akakifunga taa ya kwanza ya pikipiki, aliyoipata kwa shemeji yake ikiwa imefanywa chungu cha maua. Akaweka mto, akaweka boliti za asili, akakipaka rangi ile nyekundu ya siku ya kwanza. Kila alipoongeza kitu alimwita Migdalia, akamketisha, akawasha injini, na wote wawili wakaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ileile, yenye madoa ya uzee na alama ya sindano ya magunia.

“Bado?”

“Bado.”

“Jaribu kukaa wima.”

“Evelio, si kigari. Ni usukani. Nipe niushike mara moja tu.”

“Utaanguka. Klachi hii ina mambo yake, hujui.”

“Nimekaa nyuma ya klachi hiyo tangu ilipokuja.”

“Kukaa nyuma ni kitu kingine, mke wangu. Si ni yako? Nani kasema si yako? Mimi nakuendeshea tu.”

Ujana Migdalia aliutaka, nani asiyeutaka. Lakini alichokitaka hasa kilikuwa kidogo kuliko hicho, na kwa kuwa kilikuwa kidogo kilimkera zaidi. Alitaka kwenda mpaka daraja la mto Cauto na kurudi, yeye akiwa mbele. Alitaka kuiona barabara.

Jumanne Evelio alikwenda kupanga foleni ya mkate. Migdalia alizima jiko, akavua aproni, akafungua lango. Alipanda pikipiki kwa shida, goti la kushoto likilalamika, akashika usukani. Mikono yake iliujua. Alijua pale panapokwaruza, alijua kikovu kilichokuwa chini ya taulo la manjano, kwa sababu alikuwa ameufuta usukani ule mara nyingi kuliko Evelio alivyowahi kuushika. Akakanyaga kiki, na goti likanyamaza. Msuko mnene mweusi ukamwangukia begani. Meno yake yote alikuwa nayo tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kilichoruka.

Mbele yake hapakuwa na shati.

Palikuwa na barabara. Palikuwa na mbwa aliyelala katikati, akainuka bila haraka na kumpisha. Palikuwa na nguo za watu kwenye kamba, na mtu anayebeba mlango mgongoni, na kilima ng'ambo ya mto ambacho kumbe kilikuwa na vichwa viwili; maisha yake yote ya pikipiki alikiona kikipita ubavuni akadhani kina kimoja. Upepo ulimpiga usoni moja kwa moja bila kupitia kwa mtu mwingine. Klachi haikuwa na mambo yoyote. Migdalia alicheka kwa sauti peke yake, akafurahi mpaka akaogopa.

Darajani alisimama. Njia ya kulia ilizunguka na kurudi mjini. Ya kushoto ilipanda milimani, na huko mbele, kwa mwenye siku nzima na tangi lililojaa, ni baharini. Aliitazama ile ya kushoto. Kisha akakumbuka kwamba Jumanne foleni ya mkate huenda haraka. “Kesho,” akajiambia, akashika ya kulia.

Njia hiyo ilipita mbele ya duka la mkate. Evelio alikuwa katikati ya foleni na mfuko wake wa kitambaa, akamwona msichana wa miaka ishirini na miwili, msuko unapepea, anapita juu ya Jawa nyekundu.

“Mwizi!” alipiga kelele. “Jamani, mwizi! Pikipiki yangu!”

“Mwizi gani?” alisema mwanamke aliyekuwa mbele yake. “Huyo si Migdalia?”

“Migdalia yupi?”

“Migdalia wako, kwani kuna mwingine?”

“Wee mzee, humjui mkeo?” Bienvenido alisema kutoka nyuma, viatu mkononi. “Alikuwa hivyo hivyo. Mlipokuwa mkipita, mtaa mzima ulikuwa unatoka kumtazama. Ulidhani tunakutazama wewe?”

Evelio alitazama mpaka vumbi likatua. Ilikuwa kweli, hakumjua. Miaka yote ile na yeye alikuwa anatazama mbele. Alipogeuka kurudi kwenye nafasi yake, foleni ilikuwa imeshajifunga, ikabidi aende mwisho.

Alimkuta nyumbani amevaa aproni, ana sitini na sita, anachambua mchele. Pikipiki imeegeshwa vizuri kuliko alivyoiegesha yeye.

“Ungeumia,” alisema.

“Sikuumia.”

“Nimeita mwizi mbele ya watu, Migdalia. Umenitia aibu.”

“Nani alikutuma uite?”

Evelio alikaa, akauweka mkate mezani. Akamtazama uso kama anayetafuta mlango wa nyumba aliyoipita kila siku.

“Ulikuwa mzuri,” alisema mwishowe.

“Asante. Basi tugawane zamu. Leo wewe, kesho mimi.”

Evelio alilifikiria hilo kwa dhati. Hakulikataa papo hapo, na Migdalia, aliyemjua, aliona kwamba analifikiria kwa dhati, moyo ukaanza kumdunda.

“Na zamu yako ikifika,” Evelio aliuliza, “mimi nitakuwa kigarini?”

“Kigarini.”

“Na watu wataniona nani?”

“Babu yangu.”

Evelio aliinuka, akaenda uani. Kesho yake asubuhi usukani ulikuwa umefungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo uko shingoni mwake, pamoja na msalaba.

Alijisikia vibaya, hilo lazima lisemwe. Siku zilizofuata alijifungia uani akikata vyuma na kuchomelea, hakutaka mtu aingie, hata dhumna aliikosa. Alipomaliza alimwita Migdalia na kumfumba macho kwa mikono yake yenye grisi, akampeleka mpaka kwenye kigari, akamfumbua. Ule usukani mpana wa pembe za ng'ombe, uliokuwa umetolewa kwenye pikipiki, sasa ulikuwa umesimikwa ndani ya kigari, mbele ya kiti. Ulikuwa umeng'arishwa mpaka unaonyesha mawingu. Ulikuwa na mipira mipya ya kushikia, kengele ya baiskeli, na honi ya kubinya.

“Haya! Na wewe una wako!”

Migdalia aliushika, akaukata kushoto, akaukata kulia. Uligeuka kwa wepesi sana.

“Umeungwa na nini?”

“Haujaungwa na kitu. Ni wa kushika tu.” Macho yake yalikuwa yanangoja sifa. “Nimeuwekea grisi.”

“Unang'aa,” Migdalia alisema, kwa sababu kweli ulikuwa unang'aa, akaingia ndani akalala kifudifudi kitandani mchana kweupe, mpaka maharage yakaungua.

Jumapili ya mwisho wa mwezi bustani ya mji ilijaa. Ilikuwepo pikipiki ya Santiago iliyopiga muziki kwa ekzosi, na nyingine iliyokuja yenyewe, mwenyewe akiwa bado amelala. Ilikuwepo moja ndefu kiasi kwamba mbele yake ilifika saa nne na nyuma yake ikafika karibu saa sita. Watu waliangalia zote wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Evelio aliingia mwisho, ana ishirini na mitano, amevaa shati la mistari ya kijani ambalo Migdalia alilitoa sandukuni na kulishona begani. Migdalia alikuwa kigarini, leso yenye meno mapajani, mikono juu ya usukani wake, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Mtu wa kipaza sauti aliitwa Osmany, mwenye sauti nzito na fulana ya kubana. Aliizunguka Jawa nyekundu, akapiga mluzi, kisha akainama kigarini.

“Kijana, nimeendesha mashindano mengi, lakini usukani wa pili sijawahi kuuona. Huu wa nini?”

Injini ilikuwa inanguruma. Watu walikuwa wanasikiliza. Migdalia alimtazama Evelio, na Evelio alikuwa anatazama mbele.

“Ni wa bibi,” alisema. “Anapenda kujiona anaendesha.”

“Aaah!” watu walisema, bustani nzima, na mwanamke mmoja akafuta macho.

“Mmesikia wenyewe!” Osmany alinguruma. “Sasa sina la kuongeza. Nani anaafiki keki iende kwa kijana huyu, aliyemtengenezea bibi yake usukani wake mwenyewe?”

Mikono ikapanda. Ikapanda ya watu wa Santiago na ya watu wa Palma. Ikapanda ya waliomjua Migdalia tangu akiwa msichana, ya yule mwanamke wa foleni ya mkate, ya daktari Yudelkis, na ya Bienvenido, aliyenyoosha mkono wenye kiatu. Safari hii Migdalia alilisikia swali. Alilisikia lote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mkono wake wa kulia ulianza kupanda wenyewe, kwa mazoea, akaukamata kwa wa kushoto na kuurudisha chini, akaibana yote miwili kwenye ule usukani usioungwa na kitu.

Osmany alizungusha macho bustanini kote, akayapitisha na kigarini.

“Kwa kauli moja!”

“Mimi sikunyoosha,” Migdalia alisema.

“Bibi anasemaje?” Osmany aliuliza.

“Anashukuru,” Evelio alisema.

Keki ilikuwa kubwa, ya krimu ya buluu, na kwa kuwa mshindi alikuwa anaendesha, ilibidi bibi aipakate. Wakamwekea mapajani, juu ya leso. Watu walipiga makofi, honi zikalia, na yule msichana mwenye kucha za zambarau akamrushia Evelio busu.

Evelio alirudi kwa njia ndefu ya darajani ili mji wote uwaone. Walipofika pale barabara inapogawanyika, Migdalia aliikumbatia keki kwa kiwiko, akashika usukani wake kwa mikono miwili na kuukata kushoto, kushoto kabisa, mpaka pembe ikagonga ubavu wa kigari. Pikipiki ikakata kulia.

Nyumbani Evelio alizima injini na kunyoosha kiganja. Migdalia aliifungua leso, akayapangusa meno krimu ya buluu, akampa. Evelio alikula kipande cha keki, akaisifu kwa ulaini, akasema magoti yanamuuma kwa sababu ya zile kona, akaenda kujilaza.

Jioni Migdalia alilifua lile shati la mistari. Bafuni hapakuwa na pa kuanika tangu usukani uondoke. Akatoka nalo uani, akalitundika juu ya usukani wake wa kigarini, mgongo ukielekea kiti, akalinyoosha mshono wa begani, likakaa hapo mpaka likakauka.